Samaki wa Nchi Kavu na Mbwa Aliyeitwa Serikali

Mbwa akikuletea sungura mlangoni huku anatikisa mkia, wewe kijana utafanya nini? Najua. Utatoa simu, utampiga picha, utaituma kwa dunia nzima na kuandika "shujaa". Ningekuwa karibu ningekunyang'anya hiyo simu! Kabla hujamsifu, jiulize kwanza: huyu mnyama wa porini alishikikaje? Sungura mwenye afya zake, mbwa wa shambani aliyeshiba sima ataishia kuona vumbi lake tu. Paa mzima hasubiri mbwa. Basi mara nyingi anayekamatwa ni yule aliyekwisha kuumwa, au amezeeka, au amekula sumu, au kichwa chake hakiko sawa. Mbwa anamla huyo mgonjwa na ugonjwa wake, halafu anarudi kulamba sufuria yako.

Juzi mlikuja nyumbani kwangu, ninyi wawili mliomaliza mafunzo ya afya ya mifugo, mkaniuliza ni mnyama gani aliyenitia hofu kuliko wote katika kazi hii. Mlitarajia niseme kiboko, au mamba wa Mto Tana, maana wote hao wamenikimbiza. Nikawajibu, "Mbweha mpole." Mkatazamana mkacheka. Sikuwa na nafasi ya kuwaeleza vizuri kwa sababu chai ilikuwa inamwagika, lakini leo nawaandikia, na mkae mkao wa kusikiliza.

Mimi ni Mpokomo wa juu, upande wa Bura, binti wa Kiislamu, na kwetu mbwa hakuvuka kizingiti. Baba alitaka niwe mwalimu. Aliposikia nimepelekwa Garsen kutibu mifugo alifurahi, ng'ombe ni heshima. Aliposikia na mbwa wamo, aliuliza kama nitawashika kwa mkono. Nilimwambia hakuna njia nyingine. Kwa hiyo nilikuwa na koti la mbwa, la kijani, na ndoo ya mbwa, na sabuni ya mbwa. Adhuhuri ikikaribia navua koti, naosha mikono mara saba, moja kwa udongo, nasali, narudi kazini. Watu wa Garsen walinitania kwamba mikono ya Mama Daktari itakuja kuisha kwa kuoshwa. Na hiyo "daktari" msiitie maanani sana. Mimi nilikuwa msaidizi tu, lakini huku kwetu kila anayeshika sindano ni daktari.

Kama hamkuelewa mbwa darasani, mtawaelewa shambani. Wakulima wa kando ya mto hawafugi mbwa kwa mapambo. Bila mbwa, ngiri na nyani wanavuna kabla yako. Mkulima niliyemjua kuliko wote ni Mzee Komora wa Kulesa, mtu mrefu mwenye maneno machache na mbwa wengi, na mbwa wake wote aliwapa majina ya vyeo. Wa kwanza aliitwa Chifu. Baadaye akaja Serikali. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu bila kucheka, "Daktari, mimi nikisema 'Serikali, kaa chini', inakaa. Wapi kwingine nitapata hiyo?"

Ni huyo Komora aliyenifundisha neno ambalo hakuna mwalimu wenu atakayewafundisha. Nilikuwa mgeni bado. Aliniita kwa sababu Chifu alikuwa anatoa mate na kukataa chakula. Nikamuuliza kama nilivyofundishwa, "Amekula nini?" Akasema, "Samaki." Haya! Mimi nikajua ni mfupa wa samaki. Nikamfunga Chifu miguu, nikampanua kinywa kwa kijiti, nikaanza kutafuta mfupa wa kambale. Natafuta, natafuta, jasho linanitoka, mara naona kitu kimechoma kaakaa, kina mistari myeusi na myeupe. Nikakivuta. Mwiba wa nungunungu! Nikamwonyesha Komora: "Mzee, huyu ni samaki gani?" Akautazama mwiba, akatazama mto, akasema, "Samaki wa nchi kavu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Watu wanaogopa askari wa wanyamapori. Ukimuuliza mkulima, "Mbwa wako anawinda?" yeye anasikia, "Wewe unawinda?" Atakuambia mbwa anakula sima, anakula makoko ya wali, anakula samaki. Hata mbwa akiwa na manyoya ya digidigi kati ya meno, ataapa ni samaki. Kwa hiyo jifunzeni kuuliza. Usiulize kuhusu kuwinda. Kaa kwanza, kunywa maji utakayopewa, sema mimi ni wa mifugo tu, sina pingu, halafu uliza, "Samaki wa nchi kavu amepita hapa karibuni?" Utaona mtu anavyotabasamu. Ukisha kuona tabasamu, uliza alikuwa na nini mwilini.

Maana kila samaki ana shida yake. Akiwa na miiba, ni nungunungu, na hapo msinikasirishe kwa kukata miiba kwa mkasi! Chukua koleo, shika karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kupinda, na utazame mpaka ndani ya kinywa na chini ya ulimi. Mwiba ukibaki unasafiri ndani ya nyama, na mbwa anakuja kuumwa baadaye mahali ambapo hukutarajia. Akiwa na pembe, ni paa au jamaa zake, na shida ni matumbo. Mbwa anaanza na matumbo, ndimo tegu walimo, na mayai yao yanatoka kwa kinyesi cha mbwa na kushika kwenye manyoya yake. Watoto wanamkumbatia, wanakula bila kunawa, na uvimbe unaota polepole ndani ya ini la binadamu. Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa wakati wake, na matumbo yazikwe. Ngiri naye ana minyoo midogo ndani ya nyama yenyewe, huioni kwa macho. Na kama mnyama amekutwa amekufa tu, amevimba, damu inamtoka puani na haigandi, fukuzeni mbwa na mkae mbali ninyi pia, msimpasue kwa kisu hata mkiwa na hamu ya kujua. Hicho kinaweza kuwa kimeta. Nimeona mtu mzima analia kwa sababu nilimzuia kuchuna nyati wa bure. Alinitukana vizuri sana. Bado tunasalimiana.

Lakini kuna yule mwenye mkia. Huyo ndiye niliyekuja kuwaeleza.

Idi ilikuwa imepita. Nilikuwa karibu kustaafu, nimechoka, nahesabu kwamba nimeshaona yote. Komora akanipigia simu asubuhi. "Daktari, Serikali imekwama mfupa. Sauti imepotea. Inabweka kama jogoo mgonjwa." Nikasema nakuja, usimpe kitu. Nikafunga buibui vizuri, nikapanda pikipiki, na nilipofika nikakuta jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Serikali amefungwa kamba kwenye mwembe, taya limelegea, mate yananing'inia, na Komora amepiga magoti mbele yake, amekunja mkono wa shati mpaka begani, anajiandaa kuingiza mkono kooni atoe mfupa!

Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. "Mzee, toa mkono! Toa mkono huo!"

Komora akaanguka nyuma kwa mshtuko. "Daktari, mbona unanitisha? Ni mfupa tu."

"Umeuona huo mfupa?"

"Sijaona. Lakini mdomo haifungi."

"Rudi nyuma. Rudi mpaka hapa nilipo."

Akarudi. Vijana, sikilizeni hapa kwa masikio yote mawili. Mbwa ambaye taya halifungi, sauti imebadilika, mate yanatoka na hamezi, watu wote watakuambia ana mfupa. Wote! Na mwenyewe, kwa mapenzi, ataingiza mkono. Ninyi msiingize, na msimruhusu yeyote aingize, mpaka mjue huyo mbwa amekula nini na lini. Nilikaa na Komora kwenye kigogo, mbali na kamba, nikajilazimisha kusema polepole.

"Mzee, kabla ya mfungo, au ndani ya mfungo, samaki wa nchi kavu alipita hapa?"

Akatazama mto.

"Mimi sina pingu, unanijua."

"Mmoja tu," akasema.

"Alikuwa na miiba?"

"Hapana."

"Pembe?"

"Hapana." Akakuna kichwa. "Alikuwa na mkia."

"Mbweha?"

Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza Serikali alimkamatia wapi, mbali porini? Komora akasema, "Hakumkamata mbali. Alikuja mwenyewe. Mchana, jua la saa sita, akapita katikati ya kuku, hakushika hata moja. Akasimama hapo mlangoni. Mama watoto alimtupia kuni, hakukimbia. Mpole kabisa! Serikali ikamrukia, wakaumana, ikamuua, ikamla kidogo. Mimi nikatupa mabaki mtoni, nikaogopa askari. Serikali ilipata jeraha kidogo ya pua. Ikapona."

Mbweha anayepita katikati ya kuku mchana kweupe bila kushika hata mmoja! Huyo hakuwa mpole, alikuwa na kichaa cha mbwa. Na jeraha la puani lilipona kwa nje, lakini mate ya mbweha yalikwisha kuingia, na ugonjwa huo hauna haraka. Unatembea kwenye neva kwa majuma au hata miezi mpaka ufike ubongoni, na mbwa anakula na kucheza siku zote hizo. Serikali hakuwa amechanjwa. Nilipokuja na chanjo mwaka ule, Komora alikuwa na msiba Kipini, na mbwa alikuwa shambani.

Nikauliza lile swali la mwisho, ambalo ndilo la kwanza kwa uzito. "Serikali ameuma mtu?"

"Hapana." Halafu akasema, "Hussein, kidogo tu. Mkwaruzo ya meno kwenye mguu. Juzi, alikuja kununua mbuzi. Lakini hakuna shida, daktari, ameosha. Mimi nilimchotea maji mwenyewe. Mara saba, na udongo ya mto. Nguo pia. Akasali hapa hapa."

Mnaelewa sasa? Hussein alikuwa Msomali wa Garsen, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa dini na mwenye roho safi. Alifanya kila kitu ambacho hata mimi nafanya. Aliona mate ya mbwa ni najisi, akaosha mara saba, akaona ametahirika, na jambo likaisha. Kwa sala lilikuwa limeisha kweli. Kwa kichaa lilikuwa ndiyo kwanza linaanza. Na kwa kuwa alikuwa ameosha kwa makini namna ile, hakuna mtu wa kumwambia aende hospitali, maana kila mtu aliona ameshashughulikia. Mkwaruzo wenyewe aliupaka udongo na kuusahau.

Nikampigia Hussein. Hapatikani. Nikampigia tena. Hapatikani. Komora akasema leo anapakia mbuzi kwenda Malindi, na kutoka Malindi anakwenda mbele, hata juma zima harudi. Nikamwambia Komora amfungie Serikali ndani ya banda la kuku lililo tupu, kwa kuvuta kamba kwa mbali kupitia upenyo wa nyuma, mtu yeyote asimguse, na yeye mwenyewe na mkewe wajiandae kwenda hospitali, kwa sababu Serikali alikuwa anawalamba mikono iliyochubuka kwa jembe. Nikapiga simu hospitalini kuuliza sindano. Zipo! Nikapiga pikipiki teke.

Sijawahi kuendesha namna ile na sitaki ninyi mwendeshe namna ile. Nilipita ng'ombe wa Waorma katikati yao, mchungaji akanipigia kelele, nikampungia mkono. Niliogopa, nawaambia ukweli. Kichaa kikisha kumshika binadamu, akianza kuogopa maji, hakuna wa kumrudisha. Niliwahi kumwona mmoja, ujanani, na sitawaandikia habari zake. Nilikuwa naomba Mungu lile lori liwe limeharibika gurudumu.

Gurudumu lilikuwa zima na injini inanguruma. Mbuzi wameshapakiwa, Hussein ana mguu mmoja kwenye kipandio, kikoi kipya, ndevu zimepakwa hina. Nikasimamisha pikipiki mbele ya lori kabisa, puani kwake. Dereva akapiga honi. Nikakaa hapo hapo.

"Hussein, shuka!"

"Mama Daktari, salaam aleikum kwanza."

"Waaleikum salaam. Shuka. Onyesha mguu."

Watu wa soko la mbuzi wakaanza kujaa. Mwanamke anamwambia mwanamume aonyeshe mguu sokoni! Hussein akashuka, akacheka kidogo kwa haya. "Ah, ile mbwa ya Komora? Wallahi, nimeosha mara saba. Moja kwa udongo. Mimi niko tohara."

"Tohara unayo, hakuna anayekubishia. Mimi ninaosha hivyo hivyo kila siku. Mbwa ana kichaa, Hussein. Alikula mbweha."

"Mbwa ilikuwa na afya! Ilikuwa inatembea!"

"Juzi. Leo taya halifungi."

Akatikisa kichwa. Akasema mbuzi watakufa kwa jua, akasema Mungu ndiye anayelinda, akasema akirudi juma lijalo atapita hospitali. Niliona ananiteleza. Sikuwa na elimu ya kumshinda mtu wa dini, wala sikutaka kumshinda. Nikatazama mbuzi wake ndani ya lori, weupe, vichwa vyeusi, wanene.

"Hawa mbuzi umewachanja sotoka?"

"Mama Daktari, wewe mwenyewe umewachanja."

"Uliniita lini? Walipoanza kutoa makamasi?"

"Hapana! Makamasi ikitoka nimeshachelewa. Nilikuita wakiwa wazima."

"Na ulikuwa umewaosha?"

Soko zima likacheka. Hussein hakucheka. Alisimama akautazama mguu wake muda mrefu, kama anauona kwa mara ya kwanza. Halafu akamgeukia dereva akamwambia kwa Kisomali, na injini ikazimwa.

Nikamwosha pale pale bombani, mbele ya watu, kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda ambao kila mtu aliona ni mrefu mno. Nilitoa udongo wote uliokuwa umekauka ndani ya mkwaruzo. Na hilo liandikeni kichwani: udongo haukai ndani ya kidonda, ni sabuni na maji mengi, bila kuchoka, hata kama kidonda ni kidogo na hata kama siku zimepita, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Akampakia mtu mwingine asimamie mbuzi, mimi nikampeleka kwa pikipiki yangu, Hussein mnene na hina zake nyuma yangu, na kati yetu tumeweka begi la dawa kwa heshima. Garsen walilizungumza jambo hilo mpaka mvua zikanyesha.

Alichomwa sindano zote, kila alipoambiwa arudi alirudi. Komora na mkewe pia. Serikali alikufa bandani siku chache baadaye. Tulipeleka kichwa chake kupimwa, na jibu likaja kwamba ni kichaa. Komora alikaa kwenye kile kigogo akaniambia, "Daktari, Serikali imekufa," na wala hakuna aliyecheka. Alilia. Mimi pia nililia, na sioni aibu kuwaambia. Mbwa yule alimrukia mbweha mgonjwa aliyesimama mlangoni kwa watu wake, na hakuna aliyekuwa amemchanja.

Nilipompelekea Hussein habari ya majibu alikuwa kwenye duka lake dogo akimpimia mteja sukari. Akaweka chini kile kijiko. "Wallahi," akasema, "sasa hivi ningekuwa njiani na mbuzi." Basi. Akaendelea kupima sukari, ikamwagika mezani.

Kampeni yangu ya mwisho ya chanjo ilikuwa Garsen, karibu na soko. Ah, vijana, laiti mngekuwepo! Kila mwaka nilikuwa nabembeleza watu, napiga kelele kwa kipaza sauti mpaka sauti inaisha, nachanja mbwa wachache narudi nyumbani. Mwaka huo walikuja kutoka Kulesa kwa mitumbwi, mbwa wamekaa mbele kama abiria. Waorma walikuja na mbwa wa zizi. Komora alileta mbwa mdogo, mweusi, na nilipomuuliza jina akasema bado anafikiria.

Halafu watu wakapisha njia, wakaanza kunong'ona. Hussein alikuwa anakuja katikati ya barabara, kikoi amekipandisha, ameshika kamba ndefu sana kwa ncha ya vidole, na mwisho wa kamba yule mbwa wa sokoni mwenye sikio moja, anayekula mabaki nyuma ya machinjio na ambaye kila mtu humtupia mawe. Sijui alimnasaje. Uso wa Hussein ulikuwa umelowa jasho. Wazee wenzake waliokuwa wamekaa barazani walimtazama.

Nikamshika mbwa, nikamchoma, nikachukua kalamu.

"Huyu hana mwenyewe," nikamwambia. "Kwenye kadi niandike nani?"

Hussein akatazama wale wazee barazani, akamtazama mbwa, halafu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, "Andika Hussein."